Zizi la Ng'ombe Wastaafu

Baba yangu alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yenye watu wawili, na wa pili nilikuwa mimi. Tukimtia na ng'ombe tulikuwa watatu, na baba alimtia. Kila nilipomwambia kwamba ng'ombe si mwanachama, alinikumbusha kuwa mimi nimekaa Dar es Salaam miaka chungu nzima nikila chipsi usiku na hakunifukuza, basi hakuona sababu ya kumfukuza ng'ombe ambaye hajavunja sharti hata moja.

Sisi ni Majaini, watu wa dini moja ya kale ya Bara Hindi. Pale Mtambile, kisiwani Pemba, watu walituita Mabaniani tu, na baba hakujisumbua kuwasahihisha. Alizaliwa nyuma ya duka lile lile alilokuja kuliendesha, la vitambaa, sufuria na misumari, na ingawa mezani tulizungumza Kigujarati, akikasirika alikasirika kwa Kipemba. Dini yetu inakataza kudhuru kiumbe chochote chenye uhai. Hatuli nyama, samaki wala yai. Hata vya kuchimbwa hatuli, kwa sababu ukiung'oa mmea umeuua wote pamoja na vijidudu vilivyokaa kwenye udongo wake. Sasa fikiria mtu anaishi kusini ya Pemba, hali samaki, hali muhogo, hali kiazi. Marehemu mama alikuwa akisema tumezaliwa peponi tukaambiwa tusiguse kitu.

Watawa wetu hawapandi chombo chochote, si gari, si boti, si ndege. Wanatembea kwa miguu, peku, mpaka siku wanayokufa, na bahari haitembeleki. Kwa hiyo tangu wazee wetu wafike Pemba hakuna mtawa hata mmoja aliyewahi kukanyaga pale. Kuongoza sala, kufundisha watoto, kupatanisha waliogombana, kumwombea anayekufa, yote yaliangukia kwa wauza khanga na wauza mafuta ya taa. Nadhani ndiyo maana jumuiya yetu ilikuwa na ubishi mwingi kuliko utakatifu. Mfanyabiashara hata akisali anasali huku akiangalia nani kakaa mbele yake.

Wazee wetu hawakupiga kura. Jambo lilipita wote wakikubali, na mmoja akikataa halikupita. Ungedhani vikao vya namna hiyo haviishi, lakini viliisha mapema kuliko vya chama chochote nilichopata kukisikia, kwa sababu hatuli jua likishatua. Kikao kilianza baada ya saa tisa, wake zao wameshapika, chakula kinawangoja nyumbani, na kila mmoja anajua jua likizama kabla hawajakubaliana atalala na njaa mpaka asubuhi. Babu yangu, aliyekuwa mwenyekiti wa pili, alijifunza kulileta jambo gumu mwishoni kabisa, kivuli cha mnazi kikiwa kimeshafika mlangoni. Baada yake alikuja mwuza vitambaa mmoja wa Chake Chake aliyesinzia tangu mwanzo wa kikao, akiamka anasema "nakubali", na wazee walimkumbuka kama kiongozi bora kuliko wote. Baba alikuja baada yake, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyebaki.

Kazi kubwa ya jumuiya ilikuwa zizi. Enzi hizo karafuu zilitoka mashambani kwa magari ya ng'ombe, na ng'ombe akizeeka, akianza kupiga magoti vilimani, mwenye gari alimpeleka kwa mchinjaji. Lilikuwa jambo la kawaida, sawa na kubadilisha gurudumu. Wazee wetu walipata mali yao kwa migongo ya ng'ombe wale, na kila walipopita bucha waliona haya. Wakajenga zizi nyuma ya duka letu, kwenye kiwanja cha babu yake baba, wakatangaza kwamba ng'ombe yeyote wa gari aliyechoka aletwe. Hatauzwa, hatafungwa gari, hatachinjwa. Siku ya kumpokea, mwenyekiti alimwekea mkono kichwani akasema mbele ya watu, "Afe kifo chake." Na akishakufa alizikwa, mzima, huko huko nyuma penye migomba.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Ng'ombe anakula pumba, halimi, havuti, haliwi. Wakatuita wenye ng'ombe wastaafu, wakauliza kama pensheni yao hulipwa mwisho wa mwezi. Wajanja nao hawakukosekana. Kuna mtu alileta ng'ombe mifupa mitupu mwanzo wa Ramadhani, na Idi ilipokaribia, ng'ombe kashiba na kung'ara, akaja kusema mnyama ameingiwa na hamu ya kwao na anataka kurudi. Mwenyekiti wa kwanza alimpa. Kuanzia siku ile likaongezwa sharti kwamba aingiaye hatoki.

Kisha waliotoka wakawa watu. Kila familia ilikuwa na sababu yake, na sitaki kuzieleza hapa maana zote zilikuwa za kweli na zote ziliniuma. Wengine walikwenda Unguja, wengine Dar, wengine Uingereza, wengine walirudi Bara Hindi ambako hakuna aliyewajua. Familia ya mwisho ya Chake ilipoondoka iliomba kuichukua sanamu yetu ndogo ya marumaru iende Unguja, kwa kuwa sanamu iliyowekwa wakfu haiwezi kukaa hata siku moja bila mtu wa kuiosha na kuisalia. Baba alikubali hapo hapo. Mama akamuuliza basi sisi tunabaki kwa ajili ya nini.

"Sanamu inaingia sandukuni," baba akasema. "Ng'ombe haingii."

Tulibaki kwa ajili hiyo. Mama alifia Mtambile kwa ajili hiyo. Mimi niliolewa Dar nikamwacha baba na zizi lake, na mume wangu alipofariki nikarudi, nikamkuta baba amekonda, duka linafunguliwa anapojisikia, na zizini amebaki ng'ombe mmoja mwekundu mwenye pembe moja iliyopinda.

Ng'ombe huyo aliletwa na mtu niliyezoea kumwita Ami tangu nikiwa mdogo, kwa sababu baba yangu na yeye walikua pamoja. Ami ni mkulima, nyumba yake iko mashamba mawili kutoka kwetu, na alikuwa mmoja wa watu wa mwisho pale kuendesha gari la ng'ombe. Alibeba mawe, mchanga, nazi, chochote. Maroli yalipomaliza kazi zake, mchinjaji alimfuata mara kadhaa kwa ajili ya yule mwekundu. Ami hakutaka. Alimvuta kwa kamba mpaka kwetu asubuhi moja, akamkabidhi kwa baba, akageuka akaenda zake bila kuaga. Lakini alasiri akarudi, na alasiri ya pili yake pia, akisema anapita tu. Alipita hivyo kila siku. Walikaa barazani yeye na baba, mmoja akinywa kahawa na mwingine maji ya moto yaliyochujwa, wakibishana kama ng'ombe anaelewa maneno. Ami alimwita baba Mwenyekiti, kwa heshima na kwa utani. Akisikia adhana anakwenda kusali, anarudi, anaendelea na neno alipoliachia.

Hata vikao vyetu alivihudhuria. Baba alishikilia kuitisha kikao kila mwezi, mimi na yeye, na Ami alikaa pembeni kwa kuwa alikuwa ameshakaa. Alizijua taratibu zetu zote. Nikibisha, na mimi ni mbishi, alitazama jua akaniambia nikubali nikale.

Kila mwaka, siku ya mwisho ya mfungo wetu, ambao kila mtu hufunga kwa kadiri ya nguvu zake, desturi inamtaka mtu aombe msamaha kwa kila aliyeishi naye. Mwenyekiti aliomba kwa niaba ya jumuiya nzima. Baba alipita nyumba kwa nyumba Mtambile nzima, amevaa shuka nyeupe, akifunga mikono kifuani. "Kama nimekukosea kwa neno, kwa fikra au kwa kitendo, nisamehe." Wageni waliohamia walishtuka, wakadhani mzee anaaga kufa. Wenyeji walishazoea, wakamjibu tumekusamehe, Mwenyekiti, nawe utusamehe. Mwisho aliingia zizini akamwomba ng'ombe. Nilikuwa nikimchungulia dirishani nikitamani kucheka, na sikuweza, maana aliinama kweli.

Halafu ukaja mguu. Baba alikuwa na sukari, akajikwaa kisiki, kidonda kikakataa kupona. Pale hospitali walimsafisha wakamfunga, mwishowe wakasema aende Unguja, mguu ukatwe kabla sumu haijapanda. Akakataa. Hakuogopa kukatwa. Ng'ombe alikuwa ameshazeeka mno, meno yameisha, pumba zake lazima zilowekwe, majani yakatwe vipande vidogo, na asaidiwe kuinuka asubuhi. Baba alisema hawezi kumwacha kiumbe aliyeahidiwa.

Nilikasirika. Nilimwambia amemwahidi ng'ombe, na mimi ameniahidi nini? Na mama aliahidiwa nini? Kisha akasema hilo ni jambo la kikao.

Basi tukakaa kikao, barazani, mguu wake juu ya stuli unanuka, Ami pembeni. Mimi nilipendekeza Ami amtunze ng'ombe mpaka turudi. Baba hakukubali. Nikasema sitakubali lingine lolote, na nikaapa moyoni kwamba leo jua lizame na tufe njaa wote wawili. Kivuli kikaenda. Baba alitazama zizi, akatazama mguu, na mwanga ulipoanza kuwa mwekundu ukutani akamgeukia Ami.

"Yakhe, utaweza?"

"N'taweza. Ng'ombe wangu huyo, Mwenyekiti."

"Si wako. Ulimleta."

"Haya, si wangu. N'taweza."

"Hauzwi, hafungwi gari, hachinjwi. Afe kifo chake."

Ami akasema inshallah, akaweka mkono wake juu ya mkono wa baba. Baba akasema anakubali. Tulikula upesi upesi mchicha na wali, na kesho yake asubuhi tukapanda boti Mkoani.

Unguja walimkata mguu chini ya goti. Alikaa wodini muda mrefu, kwa sababu kidonda kipya nacho kilichelewa. Kila siku aliniuliza kama nimempigia Ami. Nilimpigia. Ng'ombe anakula, ng'ombe kanywa, ng'ombe kakataa majani ya mgomba. Baba alizipokea habari hizo kwa makini kuliko alivyomsikiliza daktari.

Mvua za masika zilikuwa kubwa. Siku moja Ami alinipigia mimi, nikiwa kwenye ngazi za hospitali na chupa ya uji mkononi, na mwanzo sikumwelewa maana alikuwa akilia.

Alinieleza hivi. Ardhi nyuma ya zizi ililowana, ng'ombe akateleza akaingia kwenye mtaro, mguu wa nyuma ukavunjika juu kabisa, penye paja. Ami na wanawe walimtoa kwa kamba na miti, wakamlaza chini ya makuti. Bwana mifugo alikuja, akamtazama, akasema hapa hakuna dawa, mchinjeni. Ami akasema haiwezekani. Akakaa naye. Alimlisha kwa mkono, alimpa maji kwa kikombe, mchana kutwa alifukuza kunguru kwa tawi la mpera kwa kuwa walikuwa wakimwendea machoni. Ng'ombe akaacha kula. Kisha akaanza kuguna, na hakuacha, na watu wa nyumba za jirani walikuja kumwambia Ami amche Mungu. Kwao, na kwake pia, kumwacha mnyama ateseke mpaka afe kibudu ilhali kisu kipo ni dhulma. Asubuhi moja, baada ya sala ya alfajiri, Ami alinoa kisu chake, akamwelekeza ng'ombe kibla, akataja jina la Mungu, akamchinja.

"Na nyama?" niliuliza. Sijui kwa nini niliuliza hilo.

"Sikugusa. N'memzika."

Habari ya kuchinja ilikuwa imeshaenea. Watu walikuja na ndoo na mabakuli, na kina mama wa mbali wamefika na watoto. Ng'ombe kachinjwa vizuri, kwa jina la Mungu, nyama halali tupu, na Ami na wanawe wanachimba shimo. Waliomba, kisha wakafoka. Shehe wa msikitini alikuja mwenyewe kumwambia kwamba kuizika riziki ya Mungu wakati watu wana njaa ni israfu na ni dhambi, na Ami alimjibu kwamba anajua. Akaendelea kufukia. Wapo mpaka leo wasiomsalimia.

Nilikaa pale ngazini. Nilimwelewa papo hapo na hilo ndilo lililonivunja moyo. Alivunja sharti letu kwa kumchinja, akavunja la kwake kwa kumzika, akabaki hana upande wa kusimama. Nilimwambia asimwambie baba mpaka apate nguvu. Ami akasema hawezi kumdanganya mgonjwa. Nikamwambia hakuna aliyemwambia adanganye, anyamaze tu, na mimi nitajua la kufanya. Mpaka leo naona nilikuwa sawa. Baba alipouliza nilisema mvua ni kubwa na simu hazishiki, na zilikuwa hazishiki kweli mara nyingine.

Lakini miezi ikaenda na mfungo wetu ukafika. Siku ya mwisho baba alitaka avalishwe shuka nyeupe. Alikaa kitandani na mguu wake mmoja, akawaomba msamaha wagonjwa wa pembeni, wauguzi, mwenye kupiga deki. Kisha akataka simu. Akasema Mtambile hawezi kupita nyumba kwa nyumba mwaka huu, basi ataanza na Ami, na Ami atapita kwa niaba yake. Nilijaribu kumwambia betri imekwisha, akanyoosha mkono tu.

Niliweka simu kwenye spika ili asisumbuke kuishika. Ami aliitika. Baba hakusubiri salamu, aliifunga mikono kifuani kana kwamba Ami anamwona.

"Yakhe, kama n'mekukosea kwa neno, kwa fikra au kwa kitendo, nisamehe."

Kisha Ami akasema, "Mwenyekiti, usin'ombe msamaha mie." Akamweleza yote, tangu mtaro mpaka shimo, na hakujitetea hata kidogo. Baba alisikiliza macho kayafumba. Mwishoni Ami akasema yeye ndiye anayetaka radhi. Baba alimwambia ya kwake yeye ameshasamehe, ya jumuiya angoje jawabu. Akanipa simu.

Sikumwona baba akilia mama alipofariki. Alilia siku ile, bila sauti, machozi yanaingia kwenye ndevu. Nilidhani ananilaumu, lakini nilipoanza kujieleza alinipungia mkono nikae. Alasiri akasema tuna kikao.

Nilisema hapa wodini? Akasema wajumbe wote wapo.

Mimi nilitaka jambo moja tu, kwamba jumuiya imsamehe Ami, tena leo, siku ya msamaha. Nilidhani litapita kabla sijamaliza kulisema. Huyu ni mtu aliyemwomba msamaha mpiga deki. Baba akasema la kwake yeye, la kuvunjiwa ahadi, ameshasamehe pale pale kwenye simu na hana kinyongo. Lakini hakukubali.

"Aliyekosewa ni ng'ombe," akasema. "Na ng'ombe hatuwezi kumuuliza."

Nilimwambia ng'ombe yule alikuwa akiteseka. Akasema hata yeye ameteseka na mguu, na hakuna aliyemchinja. Nilimwambia Ami alimpenda kuliko sisi sote. Akasema anajua, na ndiyo maana inauma. Nilimwambia kwamba ukiongoza watu wawili na bado huwezi kuwapatanisha, uongozi huo ni wa nini. Nilipandisha sauti mpaka muuguzi akaja. Baba hakupandisha. Alisema mwenyekiti anaweza kusamehe kwa niaba ya wanaojua kusema, na kwamba wazee waliweka zizi kwa ajili ya wasiojua kusema, na kama yeye atawasemea kwa faida ya rafiki yake basi zizi lilikuwa mchezo tangu mwanzo.

Chakula kilikuwa juu ya kabati, wali na dengu, nimekipika kwa ndugu zetu wa Unguja nikakileta mapema. Jua liliingia dirishani, likapanda ukuta wa pili. Nilimwambia akubali ale, maana anatumia dawa. Akaniambia nami nikubali nile. Tulitazamana. Nadhani kila mmoja wetu alikuwa akingoja mwenzake aone njaa, kama wazee wetu walivyofanya barazani, na mimi nilikuwa na hakika kwamba atalegea, kwa kuwa siku zote mtu mmoja hulegea. Ukuta ukawa kijivu. Muadhini wa msikiti wa jirani akaadhini. Baba akasema kikao kimeahirishwa, na kwamba katika historia yote ya jumuiya ndicho cha kwanza kuisha bila neno. Hakula. Mimi pia sikula.

Hakikuitishwa tena. Homa ilimpanda, na sumu waliyoikimbia kwenye mguu ikapatikana kwenye damu. Alifariki mchana, mkono wake kwenye mkono wangu, na maneno yake ya mwisho niliyoyaelewa yalikuwa ya Kigujarati, ya kuomba maji. Ndugu wa jumuiya ya Unguja walinisaidia kumchoma kama desturi inavyotaka. Nilimpigia Ami baada ya yote kumalizika, kwa kuwa nilijua angetaka kuja na sikuwa na jawabu la kumpa.

Nilirudi Mtambile kufunga duka. Nilikaa siku kadhaa ndani nikipanga sufuria ambazo hakuna atakayezinunua. Nilimkasirikia baba kila saa. Nilimkasirikia kwa ugumu wake, kwa mguu wake, kwa wali ule uliopoa, kwa kuniacha mimi peke yangu niwe jumuiya nzima. Nani alikwambia nataka? Kisha nikawa nalia kwa sababu nimekuta khanga ya mama inatumika kufunikia pumba za ng'ombe, imefuliwa, imekunjwa vizuri.

Alasiri moja nilikwenda nyuma. Zizi lilikuwa wazi, mlango wake wa miti umeegemezwa ukutani. Ami alikuwa penye migomba amechutama, aking'oa magugu juu ya kaburi la ng'ombe. Kumbe alikuwa akija kila siku, na mimi niko ndani sijui. Alikuwa amezeeka. Aliponiona alijifuta mikono kwenye shuka, akanipa pole, akamwombea baba kwa dua za kwao, na mimi nikaitika amin. Kunguru walikuwa juu ya mnazi.

"Mwanangu," akasema, "Mwenyekiti alin'ambia n'ngoje jawabu."

"Alisema ya kwake amekusamehe, Ami. Siku ile ile, kwenye simu."

"Hayo najua. Ya ng'ombe je?"

Baba hakuwahi kunipiga isipokuwa mara moja, na ilikuwa kwa sababu ya uongo. Nilitazama chini. Nilifikiri, mimi sasa ndiye mwenyekiti, mimi ndiye mjumbe, hakuna wa kukataa. Kila mwenye haki ya kusema yuko hapa amesimama kwa miguu yangu miwili.

"Jumuiya imekusamehe," nikasema.

Ami alinitazama muda mrefu. Alikuwa amekaa kwenye vikao vyetu miaka yote ile, anajua jambo linavyopita na anajua tulikuwa wangapi.

"Mlikubali wote?"

"Waliokuwepo."

Hakuuliza tena. Aliinama akang'oa magugu mawili matatu yaliyobaki, akayatupa pembeni, akapapasa udongo kwa kiganja. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. Kisha akanyanyua uso akatazama juu ya migomba, upande wa magharibi.

"Jua linatua," akaniambia. "Nenda ukale."